Mashua ya mtoto inachaguliwa ikiwa imejaa maji



Kuna swali limetembea katika kundi letu. Tukitaka kununua mashua ndogo ya tanga kwa ajili ya watoto wa kwetu, ili wajifunze maji wangali wadogo, tununue ya namna gani? Mmoja akatuma picha ya vimashua vyeupe, kila kimoja na tanga moja na mtoto mmoja ndani, vizuri kweli. Mwingine akajibu: "Kindu mitumbwi iko, ya wazungu ya nini?" Wa tatu akasema pesa hiyo iende kwa madawati. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Lakini hakuna aliyejibu swali lenyewe: mashua ya mtoto inachaguliwa namna gani?

Nitajaribu kueleza kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani wala tanga. Jibu kwa kifupi ni hili: usiipime mashua ikiwa kavu. Ikiwa kavu, kila mashua ni nzuri, hasa ikipakwa rangi. Mashua ya mtoto inapimwa ikiwa imepinduka na imejaa maji, kwa sababu siku moja itapinduka. Ikiwa siku hiyo mtoto anaweza kuishika, kuigeuza, kuitoa maji na kurudi nayo, hiyo ndiyo mashua yake. Ikiwa hawezi, hata ingekuwa zawadi ya bure, tuikatae.

KWA NINI SWALI HILI NI LETU

Sisi ni watu wa mto. Lualaba inaukata mji wetu: Mikelenge na Kasuku upande wa kushoto, Alunguli upande wa kulia. Gare iko upande huu, uwanja wa ndege uko upande huu, na biro nyingi ziko upande huu. Kwa hiyo kila siku watu wanavuka: mama na mizigo ya sombe na ndizi, mwanafunzi na madaftari yake ndani ya sashe, mgonjwa, fundi, mchumba anayeenda kusalimia wakwe.

Sasa angalieni watoto wetu. Mtoto wa Mugenya anashika kafi kabla hajajua kusoma. Anajua kukaa chini, anajua mtumbwi unasukumwa kwa tumbo na mgongo, si kwa mikono tu. Lakini mtoto wa mwalimu, wa mfanyakazi wa reli, wa muuguzi, anakua karibu na mto huo huo akisikia neno moja tu: "Usiende ku maji!" Anatii, ni mtoto mzuri. Halafu anafika miaka 14, anatumwa ng'ambo, anapanda mtumbwi uliojaa watu. Hajui kuogelea. Hajui kwamba mtu mmoja akisimama ghafla wote wanaweza kwenda. Katazo letu limemlinda mpaka siku ile tu anapolazimika kuvuka, na siku hiyo halina kitu cha kumsaidia.

Na tusijidanganye kwamba kuzama ni mambo ya mbali, katikati ya maji. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilipinduka kwenye ziwa Kivu ikiwa imekaribia kufika Kituku, pale Goma, na watu pwani wanaitazama. Wengi walikufa wakiona nchi kavu. Majini hakuna tawi la kushika, hata kama nyumba yako unaiona.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mashua ya watoto, tunazungumza juu ya darasa. Chombo cha kusafirishia ni habari nyingine. Mashua ya darasa ina kazi moja: kumfundisha mtoto mambo mabaya ya maji mahali ambapo hayawezi kumuua.

KWANZA MAJI, HALAFU MASHUA

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuanza na picha. Anza na maji ambayo mtoto ataenda juu yake.

Maji ya Lualaba yanatembea. Tufanye hesabu ndogo. Mkondo ukienda mita 1 kwa sekunde, hiyo ni kilometa 3.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea pole pole. Unaonekana kama si kitu. Lakini mtoto akipumzika dakika 10 tu bila kupiga kafi, amekwisha kuchukuliwa mita 600. Sasa mpe tanga. Kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, upepo wa kawaida ni mdogo, na miti ya ukingoni inaukata zaidi. Kwa upepo huo mdogo kimashua cha mtoto kinaenda labda kilometa 2 au 3 kwa saa. Maana yake ni nini? Anaelekeza pua kuelekea juu ya mto, tanga limejaa, maji yanalia chini ya mashua, anafurahi, na kumbe ukiangalia ukingo unaona anarudi nyuma kuelekea Ubundu. Halafu upepo mkubwa, ule wa kweli, kwetu unakuja mbele ya mvua ya radi, na ndio upepo ambao mtoto hapaswi kuwa juu ya maji kabisa.

Kwa hiyo kwa mto mbele ya Mikelenge, kafi ndiyo mwalimu wa kwanza. Tanga linaweza kuja baadaye, siku za upepo mzuri, pamoja na mtumbwi wa mtu mzima ukikaa upande wa chini wa mto kupokea anayechukuliwa.

Ziwa ni kitu kingine. Mlio Kalemie, Uvira, Bujumbura au Goma hamna mkondo wa namna hii, na upepo mnao. Pale tanga lina maana kubwa. Adui wenu ni mawimbi na upepo unaobadilika ghafla, hasa unaotoka nchi kavu na kusukuma kila kitu kwenda katikati. Kanuni ya ziwa ni kumfundisha mtoto siku ambayo upepo unavuma kuelekea ufukweni, ili akishindwa, upepo wenyewe umrudishe kwa mama yake.

Mlio pwani ya bahari, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, mna maji ya kupwa na kujaa, na mna kitu ambacho sisi hatuna: ngalawa. Ni mtumbwi wa mti mmoja wenye matengo, yaani mbao mbili zinazoelea pembeni, kushoto na kulia, ili usipinduke ovyo. Watu wa pwani walijibu swali letu miaka mingi kabla ya viwanda vya Ulaya: mtumbwi mwembamba unapinduka, basi upe mikono miwili.

JARIBIO LA KUJAZA MAJI

Hili ndilo jambo kuu, nitalieleza taratibu. Ukionyeshwa mashua yoyote, ya mti, ya mbao au ya plastiki, omba muipeleke mahali ambapo maji yanafika kifuani pa mtu mzima, chini pawe mchanga, mkondo usiwe na nguvu. Wawepo watu wazima wawili wanaojua kuogelea. Halafu fanya mambo matano.

Moja: ijaze maji kabisa, mpaka ukingo. Angalia. Inabaki juu, au inazama chini ya miguu yenu? Ikizama, kwaheri.

Mbili: ikibaki juu, inakaa sawa au inageuka tumbo juu? Mashua inayojaa na kugeuka-geuka kama gogo itamtupa mtoto kila anapojaribu kuishika.

Tatu: waingize watoto wawili wakae ndani yake ikiwa bado imejaa. Vifua vyao viko nje ya maji? Wanaweza kukaa hivyo nusu saa wakisubiri msaada?

Nne: ipindue, na uwaachie watoto wenyewe waigeuze. Usiwasaidie kwa mikono, wasaidie kwa maneno tu.

Tano: wape kopo. Wanaweza kutoa maji kuliko yanavyoingia? Hapa mashua nyingi zinashindwa. Ukingo ukiwa sawa na uso wa maji, kila unachotoa kinarudi. Lazima mdomo wa mashua uwe umeinuka juu ya maji hata kama ndani mmejaa.

Muuzaji akikataa jaribio hili, amekwisha kukujibu.

KINACHOSHIKILIA MASHUA JUU

Kwa nini mashua moja inabaki juu na nyingine inaenda chini? Ni hesabu ya shule ya msingi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kitu kinachochukua nafasi ya lita 20 ndani ya maji kinasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 20. Bidoni ya njano tunayochotea maji, ya lita 20, ikiwa tupu ina kilo 1 hivi. Ifunge kizibo vizuri, izamishe: inabeba kilo 19. Kwa hiyo kila bidoni tupu iliyofungwa ndani ya mashua ni kilo 19 za usalama.

Sasa angalia mashua imetengenezwa kwa nini. Chuma na aluminiamu vikijaa maji vinazama. Plastiki ile ngumu ya nyuzi za kioo, inayong'aa, inazama pia. Watu wengi wanashangaa, lakini ni nzito kuliko maji. Inabaki juu kwa sababu ya mifuko ya hewa au masanduku yaliyofungwa ndani yake tu. Mifuko ikitoboka, mashua nzuri inakuwa jiwe. Plastiki nyepesi ya namna ya ndoo inaelea kidogo. Mbao zinaelea, lakini si zote sawa: miti mingine migumu ya msitu wetu, ikinywa maji, inakaribia kuwa na uzito wa maji yenyewe. Ndiyo maana mtumbwi mkubwa wa zamani ukijaa unabaki, lakini unakaa chini kabisa, masikio tu nje.

Na mtoto? Mwili wake ndani ya maji karibu hauna uzito. Lakini akiinua kifua nje, karibu nusu ya uzito inarudi. Watoto wawili wa kilo 35 kila mmoja, wakikaa ndani ya mashua iliyojaa, vifua nje, ni kilo 35 hivi za kubeba. Bidoni mbili zinatoa 38. Hapo mmebaki na kilo 3 tu za kuinua mashua yenyewe, haitoshi kutoa maji. Weka nne: kilo 76. Sasa kuna 41 za kuinua ukingo, na kopo linafanya kazi.

Mahali pa kuziweka pia pana maana. Usiziweke zote katikati kwenye sakafu, zitaisukuma mashua igeuke. Ziweke pembeni, nusu kushoto na nusu kulia, chini kidogo ya ukingo, na uzifunge kwa mkanda wa mpira wa gari au kamba pana. Bidoni isiyofungwa vizuri inatoroka dakika ile ile unapoihitaji.

VIMASHUA VYA TANGA VINAVYOJULIKANA

Zile picha nyeupe katika kundi ni za kimashua kinachoitwa Optimist. Historia yake inatufaa. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, Marekani, watu walitaka chombo ambacho mzazi wa kawaida anaweza kumjengea mtoto kwa bei ndogo. Fundi Clark Mills akachora kimashua kinachotoka katika mbao mbili za tripleksi za kipimo cha kawaida cha duka, mita 2.44 kwa 1.22. Ndiyo sababu urefu wake ni mita 2.36 tu, na pua yake imekatwa kama sanduku: pua kali ingetaka mbao ndefu zaidi. Kikaenda Denmark, kikaenea dunia nzima. Leo vingi ni vya plastiki ya nyuzi, kilo 35, tanga la mita za mraba 3 na nusu hivi, mifuko mitatu ya hewa ndani. Ni cha mtoto mmoja, mpaka miaka 15. Wadogo sana wanaweza kukaa wawili. Uzuri wake: ni kipana, hakikimbii, kinasamehe. Ubaya wake: kikipinduka kinabeba maji mengi, mtoto ana kazi ya kuyatoa. Na mwalimu hawezi kukaa ndani.

Topper ni ya Kiingereza, mita 3.40, kilo 43, ya plastiki nyepesi. Haina shimo la kukaa; unakaa juu yake kama juu ya ubao, na maji yanatoka yenyewe. Ikipinduka, unaigeuza na kuendelea. Nzuri kwa mtoto wa miaka 11 mpaka 16 kwenye ziwa la joto. Kwa mtoto wa miaka 8 ina nguvu mno.

Mirror ilitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa gazeti la Daily Mirror. Vipande vya tripleksi vinashonwa kwa waya ya shaba, halafu viungo vinafunikwa kwa utepe wa nyuzi na gundi. Mtu asiye fundi wa mashua aliweza kuijenga nyumbani. Zaidi ya 70,000 zilijengwa. Mita 3.30, tanga mbili, na ndani yake wanaingia watoto wawili, au mtoto na mzazi. Inaenda pia kwa makasia. Kwa darasa la kwanza mimi ningeichagua hii mbele ya Optimist, kwa sababu mtoto anayeogopa anataka kusikia sauti ya mtu mkubwa pembeni yake, si sauti inayopiga kelele kutoka ufukweni.

Zile kubwa, kama Laser, mita 4.23, acheni kwa vijana. Watu wananunulia mtoto mashua kubwa "ili akue ndani yake," kama viatu vya mwaka wa shule. Viatu vikubwa vinamvua mtoto. Mashua kubwa inamshinda nguvu mbele ya wenzake, na mtoto aliyeshindwa mara mbili harudi mara ya tatu.

Ukinunua iliyotumika, angalia haya: mifuko ijazwe hewa jioni na iangaliwe asubuhi, bonyeza sakafu kwa kidole gumba, ikiingia ndani imeoza au imepasuka, usukani uingie na kutoka bila nyundo, ubao wa katikati unaoshuka majini usikwame, na kwetu uweze kuinuka haraka, maana wakati wa kiangazi michanga inatokea na ubao ukigonga mchanga mashua inasimama ghafla na mtoto anaendelea mbele.

Na jambo moja la kila mashua ya tanga: kamba inayovuta tanga, watu wa pwani wanaiita demani, isifungwe kamwe. Mtoto aishike kwa mkono. Akiogopa, aiachie. Tanga litapiga-piga kama nguo juu ya kamba, na mashua itapunguza mwendo na kusimama. Hilo liwe somo la kwanza kabla ya somo lolote: "Ukiogopa, achia." Mtoto anayejua kwamba anaweza kusimamisha chombo ana ujasiri kuliko yule aliyeambiwa asiogope.

ILETWE AU IJENGWE?

Hapa ndipo pesa zetu zinaposemwa. Kuleta mashua kutoka Ulaya mpaka Kindu ni safari. Bandari, forodha, lori, halafu ndege ya mizigo, au treni inayokuja inapokuja, au barabara ambayo tunaijua. Kitu cha mita 2.36 hakiingii katika kifurushi. Na ikifika, kamba ya mfuko ikikatika au usukani ukivunjika, kipande cha kubadilisha kiko mbali.

Mto huu ulikwisha kuona mashua ya mbali. Stanley alipofika Lualaba mwaka 1876 alikuwa na Lady Alice, mashua iliyojengwa Uingereza kwa vipande, ikabebwa kwa mabega ya wapagazi tangu pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita maziwa ya Victoria na Tanganyika. Chombo kizuri, hakuna ubishi. Lakini hata yeye, watu wake wengi walishuka mto kwa mitumbwi ya hapa hapa, na mwaka 1877 Lady Alice iliachwa juu ya mawe karibu na maporomoko ya Isangila. Mitumbwi bado iko.

Lakini mtumbwi wa kawaida wa mti mmoja, kama ulivyo, haupiti jaribio letu. Ni mwembamba, ni mzito kwa watoto kuugeuza, na ukijaa haujitoi maji. Nasema hivi kwa heshima ya wanaouchonga: waliuchonga kwa ajili ya mvuvi anayejua, hawakuuchonga kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Kwa hiyo maoni yangu ni ya katikati. Tuwape maseremala wa Kindu, wale wanaotengeneza balenieri, kazi ya kujenga vimashua viwili vya mbao: urefu mita 3 hivi, upana usipungue mita 1 na robo, chini pawe bapa, bidoni nne pembeni, benchi mbili, makafi mafupi ya watoto. Pawe na tundu la mlingoti kwenye benchi ya mbele, ili tanga dogo liingie siku tukiwa tayari. Watoto wanne waweze kukivuta mchangani bila kumwita mtu mzima. Kikiwa kizito zaidi ya hapo, hakitatumika. Tukitumia tripleksi, tukate kipande kidogo, tukichemshe ndani ya sufuria saa kadhaa. Kikifunguka tabaka kwa tabaka, gundi yake ni ya kabati la nyumbani, haifai.

Na wenzetu wa Ulaya walete kitu ambacho hakitengenezwi hapa: majile ya kuokoa ya watoto. Yanaingia ndani ya valisi. Mtazame kilo zilizoandikwa, msitazame miaka. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, lile la nyutoni 100, yaani linalobeba kilo 10 hivi, lenye kola inayoinua kichwa; lile la nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea. Liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, mshike mabegani pa jile, uinue: likimtoka kichwani, ni kubwa. Na kukumbatia bidoni si kuvaa jile. Mtoto akichoka au akizimia, bidoni inaenda zake.

MAHALI NA MPANGILIO

Wavuvi waulizwe kwanza. Wao wanajua mamba wanaonekana wapi na mkondo unageukia wapi. Hakuna karatasi ya Ulaya inayojua hayo. Tukimbie mkondo mkali, lakini tusikimbilie maji yaliyolala yenye majani, kwa sababu konokono wa bilharzia wanapenda hapo. Ukingo wa mchanga, maji yanayotembea kidogo, mbali na vyoo. Na watoto wa darasa hilo wapimwe kwenye kituo cha afya kila mwaka. Dawa, prazikanteli, iko.

Masomo yafuatane hivi: kuogelea na kuelea kwa mgongo, kupindua na kugeuza, kafi, halafu tanga. Wasichana na wavulana pamoja, maana wasichana wanavuka mto huo huo. Na mwalimu wa kafi awe Mugenya, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Tumesoma vyuo, ndiyo, lakini katika darasa hili sisi ni wanafunzi.

Kwa yule aliyesema madawati: una haki, madawati yanahitajika. Lakini kuna mtoto ambaye, ili akalie dawati hilo, lazima avuke asubuhi na avuke tena saa saba. Vimashua viwili vya mbao, bidoni nane na majile kumi havitamaliza hatari ya mto. Vitatoa watoto ambao, siku chombo kikijaa, hawasimami, hawapigi kelele, wanashika ukingo na kumwambia mwenzao: "Kaa chini, shika hapa, tutageuza."